Nani Analipia Mfereji?

Mama Pacha alijua mumewe anarudi kabla hajamwona. Harufu ilitangulia. Ilikata kona ya uchochoro, ikapita mbele ya fundi cherehani, ikaingia uani kwake ikiwa bado na nguvu.

"Simama hapo hapo," alimwambia kila siku, bila kuinua macho kutoka kwenye nguo aliyokuwa akiipiga pasi. "Ndoo ile pale. Sabuni ile pale. Ukishakuwa mtu, ingia."

"Kwani sasa hivi mimi si mtu?"

"Sasa hivi wewe ni utumbo unaotembea."

Mapacha walicheka mpaka wakakaa chini. Walikuwa wasichana wa miaka minne, sura moja, tabia mbalimbali. Mmoja aliongea tangu anaamka mpaka analala, na hata usingizini aliongea. Mtaa mzima ulimwita Chiriku. Mwenzake walimwita Kimya. Huyo alitazama tu, akacheka pale Chiriku alipocheka, akalia pale Chiriku alipolia.

Baba yao alifanya kazi machinjioni, juu kidogo ya mtaa. Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo. Nyama ilitokea mlango wa mbele, ikapakiwa garini, ikaenda mabuchani. Yaliyobaki yalitokea mlango wa nyuma. Damu, mavi ya ng'ombe, majani yaliyokuwa yakisagwa tumboni, na maji ya kuoshea sakafu. Baba Pacha aliyasukuma yote kwa koleo na mpira wa maji mpaka kwenye mfereji. Mfereji uliteremka nyuma ya nyumba, rangi yake kama chai ya maziwa iliyochacha. Ulipita hatua chache kutoka kisimani.

Kila mtu aliuona mfereji ule. Kila mtu aliziba pua, akapita. Wafanyakazi wa machinjioni walikuwa na mzaha wao. "Hiyo siyo harufu mbaya," walisema. "Hiyo ni harufu ya mshahara."

Bomba la mtaa lilitoa maji siku lilipojisikia. Siku nyingine zote watu walichota kisimani. Mama Pacha alichota kuliko wote, kwa sababu alikuwa dobi. Alifua nguo za watu, akazianika, akazipiga pasi ya mkaa. Maji ya kisima ndiyo yaliyomweka mjini. Aliyafulia, aliyapikia, aliyanywa na wanawe.

Kisha mvua ilinyesha.

Haikuwa mvua ya kutisha. Ilikuwa mvua ya kila mwaka, ila safari hii ilijaza mfereji mpaka ukamwagika kisimani. Maji yalipungua, jua likatoka, watu wakarudi kuchota. Maji yalionekana meupe tu. Nani angejua?

Watoto wa mtaa walianza kuharisha. Mtoto wa fundi cherehani. Wajukuu wa bibi wa nyumba ya pembeni. Chiriku naye aliharisha, akalalamika kutwa nzima. "Mama, tumbo. Mama, linanikata. Mama, njoo." Mama Pacha alikimbia huku na huku akimhudumia Chiriku. Kimya alilala upande wa ukuta. Hakusema kitu. Hata kuugua aliugua kimya. Mama yake alipomgeuza kumpa maji, macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka.

Baba Pacha alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Muuguzi alimpokea, akamtundikia maji. Daktari alimpima, akauliza, "Mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisima," alijibu Mama Pacha.

"Mnayachemsha?"

Mkaa ulikuwa wa pasi. Nani achemshe maji ya kunywa wakati nguo za watu zinasubiri?

Kimya alifariki kabla ya adhuhuri. Chiriku alipona.

Msibani watu walikaa kwenye mikeka. Mwenye machinjio, ambaye mtaa ulimwita Tajiri ingawa gari lake lilisukumwa kila asubuhi ndipo liwake, alileta nyama ya kulishia waombolezaji. Alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi. "Poleni sana," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba ana huzuni kweli. Nyama ilipikwa. Mama Pacha hakuigusa.

Chiriku aliuliza maswali. "Mama, Kimya atalala huko mpaka lini? Nani anamfunika?" Mama Pacha alimvuta mapajani. Alitazama upande wa mumewe. Mumewe alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo hawakuzungumza juu ya mtoto. Baba Pacha aliporudi kazini hakuambiwa tena asimame pale pale. Alisimama mwenyewe. Alijiosha, akajiosha tena, akaingia, akala, akalala. Kicheko kilihama nyumba ile.

*

Majirani walikuja juu. Fundi cherehani ndiye aliyepaza sauti zaidi. "Machinjio yafungwe! Hao wanatuua!" Aliposema "hao", jicho lake lilitua kwenye mlango wa Mama Pacha. Mama Pacha alielewa. Mumewe ndiye aliyeshika koleo.

Wakati huo ofisa wa afya wa halmashauri alikuja mtaani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Watu walimwita Bibi Afya. Alichukua maji ya kisima kwenye chupa, akaenda kuyapima, akarudi na uso uliokunjamana. Alikifunga kisima kwa kamba. Akawafundisha watu kuchemsha maji ya bomba na kunawa mikono kwa sabuni. Kisha akapanda machinjioni, akapiga mlango kufuli.

Watu walishangilia. Mama Pacha hakushangilia, ila moyoni alisema, angalau. Angalau wa mwingine hatakufa.

Haikuwa hivyo.

Watu hawakuacha kula nyama. Wachinjaji walichinja ng'ombe popote walipopata nafasi. Mmoja alichinja nyuma ya gereji, mwingine kwenye uwanja wa mbao, wengine kwenye nyua za watu. Zamani damu ilipita njia moja. Sasa ilipita njia kumi. Asubuhi moja Mama Pacha alifungua mlango wa nyuma, akaona kijito chembamba chekundu kikipita chini ya kamba ya nguo zake. Aliketi kizingitini. Aliona kichwa kizito na mikono haina kazi.

Mumewe naye hakuwa na kazi. Alishinda nyumbani anatazama paa.

Bibi Afya alikuwa mteja. Makoti yake meupe aliyaleta kwa Mama Pacha kufuliwa. Siku hiyo alimkuta ameketi pale pale kizingitini.

"Umefunga," Mama Pacha alimwambia bila salamu. "Umeona ulichofunga?"

Bibi Afya alikitazama kile kijito. Akaketi naye. "Nimeona, mama. Nimeona kila mahali nilipopita leo."

"Sasa tufanyeje? Tusile? Tusifanye kazi? Au tufe tu, tumalizike?"

Bibi Afya alivua viatu, akavipangusa tope. Kisha akasema, "Ule uchafu una moto ndani yake."

Mama Pacha alimtazama kama anayetazama mgonjwa wa homa.

"Sikutanii. Ukiweka damu na mavi ya ng'ombe ndani ya tangi lisiloingiza hewa, vijidudu vinakula ule uchafu, vinatoa gesi. Gesi inawaka. Inachemsha maji, inaendesha jenereta, inatoa umeme. Kinachobaki ni tope. Ukiliacha likomae na kukauka vizuri, ni mbolea. Maji yanapitishwa kwenye mabwawa ya kuchuja kabla ya kutoka. Hakuna kinachokwenda kisimani."

"Jambo hilo linajulikana?"

"Linajulikana tangu mimi sijazaliwa."

Mama Pacha alipaza sauti. "Linajulikana! Mwanangu amekufa kwa jambo linalojulikana! Kwa nini Tajiri hakujenga?"

"Nilimuuliza. Akanijibu ukweli. Kumwaga mferejini hakumgharimu kitu. Kujenga tangi ni gharama kubwa. Injini inatoka nje ya nchi, ina kodi. Benki haimkopeshi, inasema mambo ya mavi haiyaelewi. Na umeme ukizidi, shirika la umeme halina amri ya kuununua. Niambie, wewe ungejenga?"

"Ningejenga."

"Na mwenzako mwenye machinjio ng'ambo ya barabara kuu asipojenga? Yeye anaendelea kumwaga bure, anauza nyama rahisi. Wateja wako wote wanahamia kwake. Wewe uliyejenga, unafunga duka."

Mama Pacha alikitazama tena kile kijito chekundu.

"Kwa hiyo anayefanya vizuri ndiye anayepata hasara?"

"Kwa sheria za sasa, ndiyo. Halmashauri inaandaa sheria ndogo. Wanataka kuweka faini kwa kila atakayemwaga. Tutasikia."

*

Faini iliwekwa. Ilikuwa kubwa. Ila faini ilikuja peke yake. Hakukuwa na mkopo, wala nafuu ya kodi, wala mnunuzi wa umeme. Machinjio yalifunguliwa tena, na Tajiri akapigwa faini mara mbili. Mara ya tatu alimwaga usiku. Wachinjaji wadogo hawakupigwa faini kabisa, maana hakuna aliyejua leo wanachinjia wapi. Wauza nyama waliandamana mpaka ofisi za halmashauri. Bei ya nyama ilipanda kidogo, kelele zikapanda sana. Madiwani wakaogopa. Sheria ndogo ikafutwa kimya kimya, kama mtu anayefuta ubao.

Bibi Afya alipoleta makoti yake alikuwa amechoka mpaka mabega yameshuka.

"Imekufa," alisema.

"Kila kitu kinakufa," alijibu Mama Pacha. Akaendelea kufua. Maji sasa alinunua kwa wauza maji wa mikokoteni. Karibu chote alichopata kwenye kufua kilirudi kwenye maji ya kufulia. Alifanya kazi ili aweze kufanya kazi.

Baba Pacha alirudi kwenye koleo lake na mfereji wake.

Mvua nyingine ikaja.

Safari hii Mama Pacha alichemsha maji. Alichemsha mpaka mkaa ukamwishia. Lakini watoto hucheza. Chiriku alichezea maji ya mfereji yaliyojaa uchochoroni, akala bila kunawa. Siku iliyofuata aliamka akisema tumbo linamuuma. Mchana alisema maneno machache. Jioni hakusema neno.

Mama Pacha alikuwa akianua nguo. Alisikia ukimya ule, na roho ikamruka. Aliangusha shuka safi matopeni, akakimbia ndani. "Chiriku! Sema! Sema chochote! Nitukane, mwanangu, ila sema!"

Mtoto alimtazama tu, kama alivyotazama yule mwingine.

Safari hii walijua. Mama Pacha alikoroga chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa, vile Bibi Afya alivyomfundisha. Alimnywesha kijiko kwa kijiko njia nzima, Baba Pacha akiwa amembeba. Hospitalini daktari alisema wamewahi. Walikaa benchi moja, mume na mke, mabega hayagusani. Mwisho wa uchochoro, nyumba ya fundi cherehani, hawakuwahi. Kitoto chake kichanga kilizikwa siku ile ile.

Fundi cherehani hakupaza sauti tena. Alikaa mbele ya cherehani yake, mguu haukanyagi. Mama Pacha alipotoka hospitali alimpitia. Alichukua ufagio, akafagia mbele ya mlango wake, akaondoka.

*

Halmashauri iliitisha mkutano wa wananchi. Bibi Afya alikuja kumwambia.

"Siendi," alisema Mama Pacha. "Nimesikia maneno ya kutosha."

"Mama, safari hii tumeandika tofauti. Tulipoweka faini peke yake, tuliwasukuma watu gizani. Sasa tunataka ada, siyo faini. Kila machinjio yatalipa kwa uchafu yanaomwaga, yote, ya hapa na ya ng'ambo. Anayemwaga mwingi analipa nyingi. Anayeweka kwenye tangi halipi. Ada itaanza ndogo, itapanda kila mwaka, ili watu wapate muda wa kujenga. Na ada hiyo haitaliwa. Itakuwa dhamana ya mikopo ya matangi."

"Na wale wanaochinja mafichoni?"

"Wataruhusiwa kuja kuchinjia machinjioni kwa malipo madogo. Tukiwafungulia mlango, hawana sababu ya kujificha. Wizara nayo imekubali kuondoa kodi kwenye injini za gesi. Shirika la umeme litaamriwa kununua umeme unaozidi, kwa bei itakayotajwa mapema na isiyobadilika kwa miaka mingi. Mtu akijua hivyo, anaweza kukopa. Benki nayo inaweza kupiga hesabu."

"Na wakipiga kelele kuhusu nyama?"

"Watapiga."

Kweli walipiga. Ukumbi ulijaa. Feni moja ilizunguka bila kuleta upepo. Mama Pacha alikaa nyuma kabisa, mumewe kando yake. Hakujua kwa nini amekuja. Alikuja kama mtu anavyorudi kutazama nyumba iliyoungua.

Diwani mmoja mnene, msemaji mzuri, alisimama. "Ndugu zangu, mimi ni mtetezi wa mwananchi wa kawaida. Mkiweka ada ya uchafu, nyama itapanda bei. Nani ataumia? Mwananchi wa kawaida! Hivi sasa kumwaga ni bure. Bure! Kwa nini tukifanye cha bure kiwe cha kulipia?"

Watu walipiga makofi. Mama Pacha alijikuta amesimama. Alishika kiti cha mbele.

"Mheshimiwa," alisema. Hakusikika. Bibi Afya alimfanyia ishara, apaze sauti. "Mheshimiwa! Siyo bure."

Diwani aligeuka. "Mama, zamu yako ita..."

"Siyo bure. Mimi nanunua maji kwa mkokoteni kwa sababu kisima kimeoza. Nalipia dawa. Nalipia mkaa wa kuchemsha. Nilikuwa na watoto wawili, ninaye mmoja. Fundi cherehani yule pale, muulizeni amelipa nini. Tunalipa sisi, mheshimiwa. Tajiri anamwaga, sisi tunalipa. Ninyi mnakula nyama rahisi kwa sababu bei yake nyingine mmetuachia sisi."

Aliketi. Mumewe akasimama.

"Mimi ndiye ninayemwaga," alisema Baba Pacha. Alizungumza na sakafu. "Kila siku. Kwa mikono hii. Mtoto alipokufa nilikuwa najua. Nilijua tangu hospitali. Matanga yalipokwisha, kesho yake nikarudi nikamwaga tena, kwa sababu huyu mwingine lazima ale. Nipeni pengine pa kumwaga. Sina zaidi."

Mama Pacha alimtazama mumewe kama hajawahi kumwona. Chozi lilimtoka, hakulifuta.

Tajiri alikuwa mstari wa mbele. Watu walisubiri amkaripie mfanyakazi wake. Aliinuka taratibu. "Mkiweka kwangu peke yangu, nafunga kesho," alisema. "Mkiweka kwa wote, najenga. Hilo tu. Na mimi nainusa harufu ile, jamani. Mnadhani nimezaliwa bila pua?"

Hakuna aliyecheka.

*

Sheria ilipita kwa tofauti ya kura chache. Mama Pacha hakuona chochote kilichobadilika. Mwezi ulipita, na mwingine. Mfereji ulitiririka. Benki ilitaka karatasi, ikapata karatasi, ikataka nyingine. Injini ilikaa bandarini muda mrefu kwa sababu ofisa wa forodha hakuwa amesikia kwamba kodi imeondolewa. Mwenye machinjio wa ng'ambo alikimbilia mahakamani kupinga ada, akashindwa. Mara nyingi Mama Pacha alisema moyoni, hii nayo itakufa.

Mwishowe shimo lilichimbwa nyuma ya machinjio. Tangi la saruji likajengwa, likafunikwa, mabomba yakaunganishwa. Fundi mitambo alikuja kufundisha wafanyakazi. Baba Pacha alikuwa wa kwanza kufundishwa. Alijifunza kwamba tangi hulishwa kila siku kidogo kidogo. Ukililisha damu nyingi mno kwa mkupuo linaumwa, kwa hiyo damu huchanganywa na mavi ya ng'ombe. Dawa kali za kuoshea sakafu hazitakiwi humo, zinaua vijidudu. Sigara na moto wa wazi ni marufuku karibu na bomba, na harufu ya gesi ikisikika watu watoke nje kwanza, maswali baadaye.

Walilijaza. Wakasubiri. Wiki zilipita bila gesi ya kuwasha hata mwali mdogo. Wachinjaji wakaanza mzaha. "Tajiri amejenga kaburi la ng'ombe." Baba Pacha hakucheka. Alilisha tangi lile kila siku, kidogo kidogo, kama anavyolishwa mgonjwa.

Kisha gesi ikaja. Kwanza dhaifu, inawaka na kuzima. Halafu ikawaka, ikabaki.

Mwaka ule ada ilipanda kama ilivyoandikwa. Yule wa ng'ambo alipiga hesabu, akaona kumwaga sasa ni ghali kuliko kujenga, akajenga. Hakujenga kwa huruma. Alijenga kwa sababu hesabu ilimwambia ajenge, na kwa watu waliokaa bondeni, chini ya machinjio yake, ilikuwa sawa tu. Wachinjaji wa mafichoni walirudi mmoja mmoja. Chumba cha baridi cha Tajiri kikaendeshwa na umeme wa tangi, na uliozidi ukauzwa. Bei ya nyama ilipanda kidogo. Watu walinung'unika, wakazoea. Wakulima wa mboga walikuja kuchukua mbolea.

Mfereji ulikauka. Halmashauri ilisafisha kisima, ikakijengea ukuta na mfuniko. Mvua ilipokaribia, Mama Pacha hakula vizuri. Ilinyesha siku baada ya siku, naye alikaa roho juu, akimsikiliza Chiriku. Chiriku aliongea. Aliongea tangu mvua inaanza mpaka inakatika, na mama yake hakumwambia hata mara moja anyamaze.

Hakuna mtoto aliyepelekwa hospitali mwaka ule kwa kuharisha, uchochoro mzima. Bibi Afya alipima kisima mara tatu kabla ya kusema neno. Kisha alifungua kamba. Watu walikuja na ndoo. Fundi cherehani alichota yake, akasimama nayo, akaangalia ndani muda mrefu.

"Laiti yangekuwa hivi wakati ule," alisema. Akaondoka.

Baada ya siku chache Baba Pacha alimwambia mkewe, "Njoo uone."

"Nione nini?"

"Njoo tu."

Alikuwa hajawahi kukanyaga machinjioni maisha yake yote. Mumewe alimpitisha mlango wa nyuma. Sakafu ilikuwa na unyevu, imeoshwa. Alimwonyesha mdomo wa tangi, bomba linalotoka juu, valvu ya kufungia gesi, na mwisho wa bomba, ndani ya chumba kidogo, jiko la chuma chini ya pipa la maji. Moto ulikuwa wa buluu, hauna moshi, unavuma taratibu.

Mama Pacha aliutazama. Alikuwa amedhani ataona kitu kikubwa. Kwa jinsi kilivyochukua muda, kwa jinsi kilivyokula watu, alidhani kitakuwa kitu cha ajabu, cha kutisha, kisichoweza kujengwa na mikono ya kawaida.

"Ni tangi tu?" aliuliza.

"Ni tangi tu."

"Na bomba."

"Na bomba," alisema mumewe. Kisha akajaribu kuendelea. "Kama lingekuwepo wakati ule, Kimya ange..." Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutoka kinywani mwake tangu mazishi.

Mama Pacha alivuta ndoo tupu, akaipindua, akaketi. Akapiga piga sehemu ya sakafu kando yake, na Baba Pacha akakaa. Walilia wote wawili hapo, mbele ya ule moto mdogo, wala hapakuwa na aliyemwambia mwenzake anyamaze. Maji ndani ya pipa yakaanza kuchemka.